Pikipiki Inazima Baada ya Kujitengenezea Mfumo wa Mafuta: Liulize Bakuli Kwanza

Swali: Pikipiki yangu ni ya kabureta, 125 cc. Tangi lilikuwa na kutu na mpira wa mafuta ulikuwa unavuja, nikaamua kutengeneza mwenyewe. Niliosha tangi kwa dawa ya kutu, nikafungua kabureta na kuisafisha, nikaweka mpira mpya na filta ya mafuta katikati, maana mwanzo haikuwa na filta. Sasa inawaka kwa kiki ya kwanza na kuunguruma vizuri. Lakini nikiendesha dakika nne au tano inapungua nguvu, inakohoa, halafu inazima. Nikingoja kidogo inawaka tena kama hakuna kilichotokea, na baada ya muda mambo ni yale yale. Nimebadili plagi, hakuna tofauti. Je, ninunue kabureta nyingine?

Jibu: Usinunue, angalau kwa sasa. Maelezo yako yana dalili nzuri sana, na karibu zote zinaelekeza sehemu moja. Injini inayowaka kwa kiki ya kwanza ina cheche, ina mgandamizo, na jeti yake ndogo (kijitundu cha kabureta kinachopima mafuta) inapitisha mafuta. Kabureta uliyoisafisha inafanya kazi kwa dakika nne nzima. Ingekuwa umeiharibu kabisa, isingekupa hata hizo nne. Kinachoonekana ni kwamba bakuli la kabureta, yaani kikombe cha chini kinachohifadhi mafuta kidogo, linamalizika haraka kuliko linavyojazwa.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu hesabu hii itakuokolea siku nzima ya kufungua na kufunga. Chukulia pikipiki yako inatumia lita 2 kwa kilomita 100. Ukienda kilomita 50 kwa saa, unatumia lita moja kwa saa, yaani mililita 17 hivi kila dakika. Bakuli la kabureta ndogo halibebi mafuta mengi. Tuseme mililita 30. Kama njia ya kutoka tangini ingefungwa kabisa, usingemaliza hata dakika mbili. Kama njia inapitisha mililita 10 kwa dakika, kila dakika unapungukiwa na 7, na ndani ya dakika nne bakuli limekwisha. Ukisimama, injini haili tena, lakini mafuta yanaendelea kuchirizika kidogo kidogo, na baada ya dakika tatu bakuli limejaa. Unapiga kiki, inawaka, unaondoka, na mzunguko unaanza upya. Linganisha na ulichoandika uone kinavyofanana. Ndiyo sababu pia pikipiki inakudanganya inapounguruma imesimama: pale inatumia sehemu ndogo tu ya mafuta inayotumia barabarani, na hata njia iliyobanwa inaweza kuilisha.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: pale inapozima, bakuli lina mafuta au halina? Ukilijibu hilo, nusu ya kazi imekwisha. Wengi wanaojitengenezea hawaliulizi. Wanabadili plagi, kisha koili (inayotengeneza umeme wa cheche), kisha kabureta, na tatizo linabaki lilipokuwa.

Kabla ya kupima, jambo moja ambalo sitalipitia juu juu. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukaa kwenye mashimo na pembe za chumba. Pima nje, mahali pa wazi. Pasiwe na sigara, jiko wala taa ya moto karibu. Injini ikiwa ya moto, subiri ekzosi ipoe kabla ya kufungua chochote kinachoweza kumwaga petroli juu yake. Kwa kipimo cha haraka ninachokieleza sasa hivi, tumia mpira wa kutolea mafuta ya bakuli uupeleke mbali na ekzosi, mafuta yaingie kwenye chombo na si kumwagika ardhini.

Sasa kipimo chenyewe. Chini ya bakuli kuna skrubu ndogo ya kumwagia mafuta, na pembeni yake kijibomba cha kutolea. Valisha mpira mwembamba angavu kwenye kijibomba hicho kabla hujaondoka, mwisho wake uufunge vizuri usiguse ekzosi wala tairi. Beba bisibisi na chupa ya kioo. Endesha karibu na nyumbani hadi ianze kukohoa. Ikizima, funga koki ya mafuta (bomba la kufungulia na kufungia mafuta chini ya tangi) mara moja ili bakuli lisijijaze wakati unahangaika, kisha fungua skrubu na uangalie kilichotoka. Ukipata vijiko viwili vitatu tu vya chai vya mafuta, au matone, jibu ni njaa: tatizo liko kati ya mfuniko wa tangi na sindano ya boya, yaani kizibo kidogo kinachofungua na kufunga mafuta yanayoingia bakulini. Ukipata bakuli zima, tatizo haliko kwenye njia ya kuleta mafuta, na utaruka hadi sehemu ya mwisho ya jibu hili. Angalia pia chini ya chupa. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kama shanga zinazoteleza. Na unga wa kahawia ni kutu ya tangi lako.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji hata bisibisi. Ukiwa barabara tupu na salama, pale nguvu inapoanza kupungua vuta choki nusu (choki hupunguza hewa ili injini ivute mafuta zaidi). Injini ikipata nguvu tena kwa muda mfupi, ilikuwa inakosa mafuta. Ikizidi kuzama, ilikuwa inayo mengi mno au shida ni nyingine.

Nadhani bakuli lako litakuwa karibu tupu. Tuanzie juu tushuke, kwa sababu mafuta nayo yanashuka hivyo.

Mfuniko wa tangi. Kila mililita ya mafuta inayotoka tangini lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa. Hewa isipoingia, ndani ya tangi hujengeka mvuto unaoyazuia mafuta, hadi mtiririko unakuwa matone. Mfuniko una kitundu kidogo cha kupumulia, mara nyingi kikiwa na kigololi au kipande cha mpira ndani yake ili mafuta yasimwagike pikipiki ikianguka. Umeosha tangi kwa dawa ya kutu. Matope ya kutu yanaweza kuwa yamekaa humo na kukauka. Au mpira wa mfuniko uliutoa ukaurudisha kinyume ukaziba tundu. Baadhi ya pikipiki zina mpira mwembamba wa kupumulia unaoshuka kutoka tangini hadi chini ya chesisi, na huo hubanwa kirahisi sana tangi linaporudishwa mahali pake. Jipime hivi: ikizima, kabla ya kufanya chochote, fungua mfuniko ukisikiliza. Sauti ya hewa ikivutwa kuingia ndani inakueleza kila kitu. Kisha endesha mfuniko ukiwa umelegezwa (tangi lisiwe limejaa hadi mdomoni, na usiende mbali). Tatizo likitoweka, umelipata. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: tangi likiwa limejaa, ndani kuna hewa kidogo, kwa hiyo mvuto hujengeka haraka, likiwa nusu, unaweza kwenda mbali zaidi kabla ya kuzima. Mtu akiniambia pikipiki yake huzima hasa baada ya kujaza mafuta, mkono wangu wa kwanza unaenda kwenye mfuniko.

Filta uliyoongeza. Hii, pamoja na mfuniko, ndiyo ninayoishuku zaidi, kwa sababu ndicho kitu ambacho hakikuwepo kabla. Kabureta yako haina pampu. Kinachosukuma mafuta ni uzito wake tu. Tangi likiwa sentimita 20 juu ya kabureta, msukumo huo ni takriban baa 0.015. Filta nyingi za karatasi zinazouzwa zimetengenezwa kwa magari yenye pampu, na kwenye mifumo isiyo na kabureta, inayopulizia mafuta kwa umeme, pampu husukuma kwa baa 3 hivi, yaani mara 200 ya msukumo wako. Karatasi nzito ambayo pampu haiihisi kabisa inaweza kuwa ukuta kwa mafuta yanayoshuka yenyewe. Ongeza na unga wa kutu unaotoka kwenye tangi lililooshwa juzi, na filta mpya inaweza kuziba ndani ya siku chache bila kuonekana chafu kwa nje.

Usihukumu filta kwa kuona haijajaa mafuta. Filta ya kioo au plastiki angavu mara nyingi huwa na hewa juu, na mafuta hupita vizuri tu. Hukumu mtiririko. Iondoe kwa muda, unganisha mpira moja kwa moja, endesha. Ikiwa imepona, weka filta ya wavu wa shaba au nailoni iliyotengenezwa kwa mfumo wa kushuka kwa uzito, na uiangalie upya mara kwa mara hadi tangi litulie. Mishale iliyochorwa kwenye filta ielekee kabureta. Usikae bila filta wakati tangi bado linatoa kutu. Utahamisha tatizo hadi kwenye sindano ya boya, na huko ni kubaya zaidi.

Mpira wenyewe. Mpira mrefu kupita kiasi hujikunja tangi linaposhuka mahali pake, na hutaona kwa sababu umefunikwa. Vilevile ukitengeneza kilima, yaani mpira ushuke, upande, kisha ushuke tena, hewa hunaswa kileleni na kwa msukumo mdogo hivi haitoki. Mpira ushuke moja kwa moja, uwe mfupi kadiri inavyowezekana bila kuvutwa, na kipenyo cha ndani kilingane na kijibomba cha koki. Uwe mpira wa petroli. Paipu angavu za maji huwa ngumu na kupasuka, au hulainika na kubanana kwenye klipu.

Koki. Ikiwa uliifungua, ndani yake kuna mpira wa duara wenye matundu kadhaa. Ukiurudisha umegeuka, hufunika nusu ya njia. Kuna pia kichujio kidogo kinachoingia ndani ya tangi. Dawa ya kutu hulegeza uchafu wote wa miaka na kuuacha ujikusanye hapo. Jaribu kuendesha kwenye nafasi ya akiba. Kama huko inakwenda na kwenye nafasi ya kawaida inazima, ama mafuta tangini ni machache kuliko unavyodhani, ama kijimrija cha ndani kimeziba. Na ikiwa koki yako ni ya aina inayofunguliwa na mvuto wa injini, yenye mpira wa pili mwembamba, hakikisha hukubadilishana mipira hiyo na kwamba ule mwembamba haujapasuka.

Kwa kipimo cha jumla cha njia yote hii: injini ikiwa baridi, mfuniko umefungwa, fungua koki, fungua skrubu ya bakuli, na mafuta yatiririke kwenye chupa yenye vipimo. Injini ya 125 cc ikivutwa mafuta yote inaweza kula mililita 60 kwa dakika, kwa hiyo mimi nataka kuona angalau 100 kwa dakika, mtiririko usiokatika, na uendelee hivyo kwa dakika kadhaa. Ukianza vizuri kisha ukafifia, legeza mfuniko. Ukirudi, ni pumzi ya tangi. Ukiwa hafifu tangu mwanzo, chomoa mpira kwenye kabureta upime hapo. Ukiwa na nguvu hapo na hafifu kwenye bakuli, kilichobaki ni sindano ya boya.

Boya na sindano yake. Hapa ndipo usafishaji wa nyumbani huacha alama. Boya lina kiulimi cha chuma kinachosukuma sindano kufunga mafuta. Ukikipinda kidogo wakati wa kusafisha, sindano hufunga mapema na bakuli halijai. Kipimo chake huchukuliwa kabureta ikiwa imelazwa kwa pembe, kiulimi kikiwa kimegusa tu kipini chenye springi cha sindano bila kukikandamiza: pima kutoka uso wa kabureta panapokaa gasketi hadi ukingo wa mbali wa boya. Namba sahihi iko kwenye kitabu cha pikipiki yako, na tofauti ya milimita moja inahesabika. Bila kitabu, tumia ule mpira mwembamba angavu: uvalishe kwenye kijibomba cha bakuli, upinde uinuke kando ya kabureta, fungua koki na skrubu. Mafuta ndani ya mpira yatasimama kwenye kimo kile kile yalichosimama ndani ya bakuli. Kwenye kabureta nyingi kimo hicho kiko karibu na mstari bakuli linapokutana na mwili, chini yake kidogo. Kikiwa chini sana, umepata sababu.

Usisahau mipira ya kupumulia ya bakuli lenyewe. Bakuli nalo linahitaji hewa. Mpira wa pembeni ukibanwa, au ukichomekwa mahali usipostahili kwa kudhani umesahaulika, mafuta hayashuki hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Na ikiwa ulipaka silikoni kwenye gasketi ya bakuli, au ukazungusha tepu nyeupe ya mabomba kwenye nyuzi za koki, ondoa vyote. Petroli hulegeza silikoni ya kawaida, vipande vyake huelea na kukaa kwenye jeti. Tepu huchanika na kufanya vivyo hivyo. Gasketi na oringi mpya ndizo dawa.

Sasa upande wa pili: umepima, na bakuli limejaa wakati injini imezima. Hapo nafuata mambo machache tu. Una plagi ya zamani, itumie: iache mpya ndani ya silinda, chomeka ile ya zamani kwenye kofia ya waya, igusishe chuma cha injini, ondoa kila chombo cha petroli karibu, piga kiki. Lifanye hili papo hapo inapozima, si baada ya dakika kumi. Koili yenye waya uliokatika ndani inaweza kufanya kazi ikiwa baridi na kukatika ikipata joto, halafu ikipoa inarudi, na ndiyo maana watu huichanganya na ukosefu wa mafuta. Tofauti yake ni namna inavyozima. Cheche ikipotea, injini hukata ghafla kama umezima swichi. Mafuta yakipungua, huzama taratibu na kukohoa, kama ulivyoeleza wewe.

Cheche ikiwepo, chomoa plagi uitazame. Nyeusi yenye masizi laini ina maana mafuta ni mengi: choki haijarudi, au filta ya hewa imelowa, au boya liko juu mno. Nyeupe kabisa ina maana hewa inaingia mahali isipotakiwa, na baada ya kufungua kabureta mahali hapo huwa ni mkono unaoiunganisha na injini: oringi imekatwa, klipu haikukazwa, au mpira una ufa. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyizia maji kwa ukungu mwembamba kwenye maungio. Mngurumo ukibadilika umepata ufa. Wengine hutumia petroli au dawa ya kupuliza inayowaka kwa kipimo hiki. Usifanye hivyo juu ya injini ya moto.

Kama ulisafisha jeti kwa waya, zitazame kwa makini dhidi ya mwanga. Tundu la jeti ndogo ni kama milimita 0.4, shaba ni laini, na waya wa chuma unaweza kulipanua hata kwa kupitishwa mara moja. Jeti iliyopanuliwa haisahihishiki, hubadilishwa. Siku nyingine tumia hewa ya pampu na dawa ya kabureta, na uiweke dawa hiyo mbali na diaframu na oringi.

Ukishapata chanzo, vuta kijiti cha oili uinuse kabla ya safari. Kutu iliyopita filta inaweza kuwa imezuia sindano kufunga wakati fulani, na petroli ikashuka kupitia silinda hadi kwenye oili. Kimo kikiwa kimepanda, au oili inanuka petroli na kuteleza kama maji, imwage uweke mpya. Oili iliyochanganyika hivyo hailindi beringi. Kisha mwaga lita moja ya mafuta kutoka tangini kwenye chupa ya kioo, uiache itulie usiku. Ukikuta unga wa kahawia chini asubuhi, tangi bado linahitaji kuoshwa na kukaushwa tena, na hadi lifanyiwe hivyo filta yako mpya itaendelea kuziba.